Safu ya Maoni

Daftari la mabwawa lina safu sita:
tarehe, saa, kina, rangi, harufu, maoni.
Miaka minne kwenye maoni nimeandika "hakuna."

Leo, mwezi wa tatu, kaskazi inakata roho,
joto la Vingunguti limelalia maji kama blanketi lililoloa,
na kwenye maoni nimeandika:
vitwitwi themanini na saba, ukingo wa bwawa la tatu.
Wamenona.

Msinicheke. Maji haya najua yalikotoka.
Yametoka kwenu. Kila mnachokisukuma kwa ndoo
huku mmeziba pua, mkafunga mlango, mkasahau,
kinanifikia mimi, Siwazuri binti Mkumba, na buti zangu za mpira.
Bwawa la kwanza jeusi.
La pili kijani, linavutika kama mlenda.
La tatu, Mungu si Athumani, linaonyesha mawingu,
na humo ndimo wanamoshukia.

Majina nimefundishwa na Kondo, mlinzi wa usiku,
mtu wa Rufiji, hachelewi kucheka:
"Yule mweusi mnandi, anaanika koti.
Yule kulasitara, kasimama utadhani anadai.
Wale wadogo wanaokimbia kama waliochelewa zamu, vitwitwi."
Na yule, mwembamba, miguu myekundu,
anayekanyaga tope kama aliyekunja suruali?
"Huyo simjui."
Tukamwita Karani.

Mwezi uliopita Mhandisi Semkiwa alifungua daftari.
"Ndege mia mbili na kumi na nne kwa siku?
Kiwanja chenyewe hapo jirani kinafikisha?"
Akatazama juu. Moja ilikuwa inashuka,
matairi nje, mngurumo hadi kwenye meno.
Nikamwambia: chini, mhandisi. Tazama chini.
Akatazama. Akakaa kimya kidogo.
Kisha akauliza kina cha maji.

Saa nne kenge alitoka kwenye bomba bovu.
Husemwa msafara wa mamba kenge hawakosi;
hapa mamba hakuna,
huyu kaja peke yake, bila msafara, bila haya,
ulimi unapima hewa.
Yangeyange wakainuka wote kwa pamoja
kama shuka linalokung'utwa uani.
Niliwahesabu walipotua. Nikawahesabu tena.
Mmoja sikumpata.
Nimeandika hilo nalo.

Darubini yangu ni ya mtumba, ya Karume,
jicho moja zima, la pili lina ukungu.
Kwa hilo moja nilimwona jana
kitwitwi mwenye pete mguuni,
pete ya chuma, ndogo kuliko punje ya mtama.
Nililala kifudifudi kwenye ukingo,
harufu ile mnayoijua ikanipanda hadi machozini,
nikapata nne, na labda tisa. Akaruka.

Basi kuna mtu, nchi nisiyoijua,
aliyewahi kumshika huyu kiganjani,
akausikia moyo wake ukipiga kama saa mbovu,
akaandika kwenye safu yake, akafungua vidole.
Sijui kama kwao maji ni masafi.
Sijui kama naye ana mhandisi.
Nne, na labda tisa: ndiyo barua yake yote kwangu,
na jibu sina pa kulituma
ila mguu ule ule.

Jumanne nilifika kabla ya jua.
Tope tupu.
Alama za vidole vitatu vitatu, maelfu,
zikielekea majini, kisha basi, hazielekei popote.
Upande wa Pugu wingu lilikuwa limeshika mimba.

Tarehe. Saa. Kina: mita moja na robo. Rangi: kijani. Harufu: ile ile.
Maoni.
Kalamu ilisimama hapo muda mrefu.
Matone ya kwanza yakaanguka juu ya karatasi,
manene, ya vuguvugu, yakaivimbisha mistari,
na Kondo, akivua koti lake la zamu, akaniita langoni:
"Na Karani naye kaondoka?"

Nikainua lile jicho moja.
Hapana. Yupo kule kwenye mdomo wa bomba,
mvua inampiga,
kakunja suruali.